Jinsi ya kujua mruko mzuri kwenye skating ya barafu ya wanawake: tazama miguu

Kila Olimpiki ya baridi ikikaribia huku Mombasa utaona watu wameanza kuangalia skating ya barafu ya wanawake kwa simu, na sisi watu wa pwani kitu chenye madaha na muziki na nguo za kumetameta twakipenda hasa, lakini alama zikitoka tu mabishano yaanza. Huyu hakuanguka mbona amepewa kidogo, yule ameanguka mbona yuko juu, majaji wamehongwa, na mengine mengi. Mchezo huu nimeufuata miaka na miaka na naupenda kwa dhati, na huniuma mtu akisema alama zatolewa ovyo, manake ubora wa mruko waonekana kwa macho ukijua tu pa kuyaweka hayo macho. Basi leo nawaandikia vile mimi huangalia, na mkifuata hivi nawahakikishia baada ya muda mtakuwa mwajua alama itakuwa ya juu au ya chini kabla haijatokea kwenye skrini.

La kwanza na ndo kubwa kuliko yote: usimkazie macho akiwa juu. Najua macho hujipeleka yenyewe, msichana akiinuka na kuzunguka vile lazima umtazame, lakini pale juu anakaa chini ya sekunde moja na jicho la mtu haliwezi kukuhesabia mizunguko mitatu kwa muda huo ikaeleweka. Na karibu kila kinachofanya mruko uwe mzuri au mbaya kishaamuliwa na mguu unaotoka, halafu mguu unaorudi ndo unakupa ushahidi. Mimi hutazama miguu tu, tangu anajiandaa mpaka ametua na anaenda zake, yale ya hewani nayangojea kwenye marudio ya polepole.

Sasa kiatu, manake bila kukijua kiatu hutaelewa chochote. Chini kuna chuma kirefu, na hicho chuma kimechongwa bonde katikati kwa urefu wake, kwa hivo kina makali mawili, ya ndani upande wa mguu mwenziwe na ya nje upande wa pili. Mbele kabisa kuna meno. Mtu anayeteleza vizuri haendi wima akiwa amekanyaga makali yote mawili, anaegemea upande mmoja, na huko kuegemea ndo kunamfanya aende kwa kupinda badala ya kwenda moja kwa moja. Ukiangalia anapindia wapi na kifundo chake kimelalia wapi ushajua yuko kwenye makali gani, na hiyo ndo habari yote ya miruko hii, ni makali gani ametokea na kama ametumia meno au hakutumia.

Miruko iko sita. Wengi wao huzungukia kushoto na hutua kwa mguu wa kulia wakirudi kinyumenyume, nitaeleza kwa hao, ukikutana na wa kuzungukia kulia kama Satoko Miyahara wa Japani wewe geuza tu. Axel ndo nyepesi kuijua kwa sababu ni hiyo peke yake anaondoka akiangalia mbele, makali ya nje ya mguu wa kushoto, na kwa vile anaondoka kimbele na kutua kinyume lazima aongeze nusu mzunguko, kwa hivo dabo Axel ni miwili na nusu na tripo Axel ni mitatu na nusu. Hizo tano zingine zote anaondoka kinyumenyume. Salchow yatoka makali ya ndani ya kushoto bila meno, na utauona mguu wa kulia ukipitishwa mbele kwa kuzunguka. Lupu yatoka makali ya nje ya kulia, mguu ule ule atakaotulia, amekunja magoti na miguu imekaribiana, meno hakuna. Tolupu yatoka makali hayo hayo ya nje ya kulia ila meno ya kushoto yanachoma barafu kumsaidia kuinuka. Halafu flipu na Lutz, zote mguu wa kushoto na zote meno ya kulia yachoma, tofauti yao ni makali tu, flipu ni ya ndani na Lutz ni ya nje. Tatu kati ya hizi zina majina ya watu, Axel Paulsen wa Norway aliyeruka yake 1882, Ulrich Salchow wa Sweden 1909, na Alois Lutz wa Austria 1913.

Usijisumbue kuzishika zote sita siku moja. Anza na Axel, halafu jifunze kutenganisha zenye meno na zisizo na meno, mengine yatakuja.

Ila kwenye Lutz hapa tukae, manake hapa ndo wengi wadanganyika na hapa ndo utamu wenyewe. Lutz ya kweli utaiona hivi: anateleza kinyumenyume muda mrefu kuelekea pembe ya uwanja, amepindia upande mmoja, kisha anaruka akizungukia upande wa pili. Mwili wavutwa huku naye ataka kwenda kule. Ndo ikawa ngumu, na ndo maana kwa bei zilizowekwa 2018 Lutz ya mizunguko mitatu ina thamani ya 5.90, yaani alama za kuanzia kabla majaji hawajaongeza au kukata za ubora, wakati flipu ni 5.30. Sasa tamaa iko hapa, ile nukta ya mwisho kabla meno hayajachoma, kifundo cha kushoto kikilala kidogo tu kuelekea ndani basi makali yamebadilika, mwili unapata msaada wa kuzunguka, na alichokiruka ni flipu hata kama amejiandaa miezi kuiita Lutz. Wapo wanaofanya kinyume chake pia, waruka flipu kwa makali ya nje.

Kuikamata fanya hivi. Fungua video, punguza kasi mpaka 0.25, ngoja mguu wa kulia unyooke nyuma ukishuka, na pale tu meno yanapogusa barafu simamisha. Usiutazame huo mguu wa kulia, wenyewe ndo unavuta macho lakini hauna habari. Tazama kifundo cha kushoto. Kikiwa kimelalia nje, Lutz safi. Kikiwa kimelalia ndani, jopo la ufundi, wale wanaohakiki makali na mizunguko, litaweka herufi e, thamani ya mruko itashuka hadi asilimia 80 na majaji nao watakata kati ya alama mbili na nne za ubora. Kikiwa wima huelewi ni nje au ndani, huwekwa alama ya mshangao, thamani haiguswi ila majaji hukata kati ya moja na tatu. Na msidhani ni tatizo la wanagenzi, Kaori Sakamoto wa Japani alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, na Lutz yake imeandikiwa makali mara nyingi tu, kila mtu anayeufuata mchezo huu ajua.

Kitu kingine cha kuangalia hapo kwenye kuondoka ni amezunguka kiasi gani kabla hajainuka. Hapa nataka tuwe na haki, kila mruko duniani unaanza kuzunguka kidogo ukiwa bado kwenye barafu, na lupu na Salchow kwa maumbile yake zahitaji hivo, kwa hivo usimwone mtu amegeuka kidogo ukaanza kupiga kelele. Kwa ile yenye meno ndo uwe mkali. Meno yakichoma anatakiwa bado awe ameangalia nyuma au anaanza tu kugeuka. Ukimuona kashageuka mpaka kifua kimeangalia mbele anakoenda, na chuma kimesagika kwenye barafu ndo anainuka, basi nusu mzunguko ameulia chini na huo mruko una upungufu. Tolupu ndo inayoibiwa sana namna hii, mtu ageuka kabisa akaruka akiangalia mbele, inakuwa Axel ya meno. Jopo likiona kuondoka ni kwa kimbele kabisa lina ruhusa ya kuushusha huo mruko daraja.

Haya, kutua. Mguu wa kulia, makali ya nje, kinyumenyume. Kabla ya uzuri kuna swali la hesabu, mizunguko imetimia? Anapogusa barafu mara ya kwanza, yaani meno yakigusa tu, chuma kinatakiwa kiwe kimeelekea nyuma anakokwenda au kimebakisha kidogo sana. Akibakisha robo mzunguko kamili jopo huandika herufi q, thamani yabaki lakini majaji wanakata. Akibakisha zaidi ya robo lakini haikufika nusu, huwekwa alama moja ya mdogo-kuliko (<), na thamani inakuwa asilimia 80. Akibakisha nusu au zaidi, alama mbili (<<), na hapo mruko wa mizunguko mitatu unahesabiwa kama wa miwili. Hiyo ndo inayowaumiza watu wanaoangalia kwa mara ya kwanza, msichana ametua wima, anatabasamu, watu wapiga makofi, na kumbe mruko umekatwa karibu wote.

Kwa jicho la kawaida bila kusimamisha video utaijuaje? Tazama unga wa barafu. Aliyetimiza akitua chuma chateleza moja kwa moja na unga ni kidogo. Aliyepungukiwa lazima amalizie kuzunguka akiwa chini, chuma kinajipinda kwenye barafu, unga unaruka pembeni, na goti na nyonga zinafanya kama zinajinyonga kidogo kabla hajatulia. Tazama pia kifua chake saa ile anagusa, kikiwa kimeangalia ubavuni na ndo anageuka, kuna shida. Lakini tahadhari na kamera. Kamera iko pahali pamoja, mruko ukiwa umetua mbali kwenye kona ile pembe yaweza kukuonyesha upungufu ambao haupo au kukuficha uliopo, kwa hivo ukiwa huoni vizuri usihukumu, ngoja marudio ya upande mwingine.

Mizunguko ikishatimia ndo sasa twazungumza ubora wenyewe, na hapa ndo penye raha yangu mimi. Mmewaona makanga wetu vile hushuka matatu ikiwa bado yaenda, yule hodari akigusa lami haonekani hata kama ameshuka, miguu yachukua kasi ile ile na anaendelea kuongea na abiria, na yule mwanafunzi akigusa chini anapepesuka hatua tatu mikono juu. Mruko wa barafu ni hivo hivo. Mzuri unatoka na kasi uliyoingia nayo. Angalia alikuwa aenda kasi gani kabla, halafu angalia sekunde mbili baada ya kutua anaenda kasi gani. Akiwa amekwama pale pale alipotua, ameganda, mguu wa nyuma umeinuliwa haraka ili aendelee na hatua nyingine kuficha kwamba kasi imekufa, basi huo mruko ni wa wastani hata kama hakutetereka. Akitoka kwa mpindo mrefu, goti la kulia limekunjwa laini, mgongo umesimama, mguu wa kushoto umenyooka nyuma na anazidi kwenda, huo ndo wa kupigiwa makofi.

Majaji wao hutoa alama ya ubora kutoka hasi tano hadi chanya tano, tangu 2018, zamani ilikuwa hasi tatu hadi chanya tatu. Wana mambo sita ya kuangalia na kila moja ukilipata unapanda ngazi. Mruko uwe juu sana na uende mbali sana, yote mawili, si moja. Kuondoka na kutua kuwe kuzuri. Uwe mwepesi mwanzo mpaka mwisho bila kuonekana anajilazimisha. Uwe umetanguliwa na hatua au kuingia kwa namna isiyotarajiwa. Mwili uwe umekaa vizuri tangu kuondoka hadi kutua. Na uendane na muziki. Lakini kuna sharti, chanya nne na chanya tano huzipati bila yale matatu ya mwanzo, urefu na umbali, kuondoka na kutua, na wepesi. Yaani waweza kuingia kwa hatua za ajabu na ukatua juu ya noti ya muziki kabisa, kama mruko ni mdogo unaishia tatu. Mimi naona sharti hili ndo jambo la maana kuliko yote waliyobadilisha mwaka ule, manake linarudisha uzito kwenye mruko wenyewe.

Umbali ndo watu hawauoni kwa sababu kamera inamfuata msichana, anabaki katikati ya skrini muda wote. Dawa yake ni kutazama matangazo ya ubaoni nyuma yake. Chagua herufi moja ya tangazo anapoondoka, halafu angalia akitua amepita matangazo mangapi. Ukizoea kufanya hivi utashangaa, kuna wanaoruka wakashuka karibu pale pale walipotokea, na kuna wanaosafiri kweli kweli.

Na kwenye kusafiri sijaona wa miaka hii aliyenifurahisha kama Sakamoto na dabo Axel yake. Anakuja kwa kasi ambayo wengine wangepunguza kwanza, hajikusanyi muda mrefu, makali ya nje ya kushoto yanauma barafu na anaruka mbele, si juu tu, anatanda, na akitua anatoka na kasi ile ile mpaka wajiuliza ubao uko mbali kiasi gani. Ni dabo tu, mruko ambao kila mwanamke wa ngazi hiyo anao, thamani yake 3.30. Lakini majaji wamempa nne na tano.

Sasa pigeni hesabu na mimi manake hapa ndo mabishano mengi yaisha. Kila ngazi moja ya ubora ni asilimia 10 ya thamani ya mruko. Dabo Axel yenye ubora wa chanya nne ni 3.30 ongeza 1.32, yaani 4.62. Chukua sasa tripo Axel, thamani 8.00, ametimiza mizunguko yote lakini akaanguka. Kuanguka ni hasi tano, nusu ya thamani imekwenda, imebaki 4.00, halafu kuna alama moja ya adhabu ya kuanguka inayokatwa pembeni, amebaki na 3.00. Na kama mizunguko nayo ilipungua zaidi ya robo, thamani yashuka hadi 6.40, nusu yake 3.20, toa moja, 2.20. Kwa hivo dabo nzuri imeshinda tripo ya kuanguka, na kwa mbali. Mfano mwingine, Lutz ya mizunguko mitatu safi yenye chanya tatu ni 7.67. Lutz hiyo hiyo imepungua zaidi ya robo na majaji wakaipa hasi mbili ni 3.78. Tolupu ya mizunguko mitatu, nyepesi kuliko zote za mitatu, thamani 4.20, akiiruka vizuri ikapata chanya tatu ni 5.46. Ndo ukiona mtu amebadilisha Lutz akaweka tolupu usimwite muoga, mtu amejua kuhesabu.

Hili si jipya. Olimpiki ya Vancouver 2010 Mao Asada wa Japani aliruka tripo Axel tatu kwenye mashindano yale, moja programu fupi na mbili programu ndefu (kila msichana huteleza mara mbili, fupi na ndefu, alama zikajumlishwa), mwanamke wa kwanza kufanya hivo, na akapata medali ya fedha na alama 205.50. Dhahabu ilikwenda kwa Yuna Kim wa Korea Kusini na 228.56 bila tripo Axel hata moja. Wengi walilia wameonewa. Lakini nendeni mkaitazame Lutz na tolupu ya Kim alivyoziunganisha, tazama kasi anayoingia nayo, makali ya nje yako wazi mpaka mwisho, na tolupu ya pili ni kubwa karibu sawa na Lutz ya kwanza. Asada nampenda sana na alichokifanya ni kikubwa, ila siku ile ubora wa Kim haukuwa na mjadala machoni mwangu.

Isije ikaonekana nadharau wanaoruka miruko mizito. Midori Ito ndo mwanamke wa kwanza kutua tripo Axel mashindanoni, 1988, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, na video zake ukizitazama leo bado urefu wa miruko yake washtua. Miki Ando alitua Salchow ya mizunguko minne 2002 akiwa bado kwenye mashindano ya vijana. Alexandra Trusova wa Urusi aliweka miruko mitano ya mizunguko minne kwenye programu yake ndefu Olimpiki ya Beijing 2022, akashinda programu ile, lakini kwenye programu fupi alikuwa ameanguka kwenye tripo Axel, na dhahabu ikaenda kwa Anna Shcherbakova. Ukitimiza mruko mzito na ukautua vizuri alama zake ni nyingi na ni haki yake. Shida ni mtu kuona tu "ameruka minne" akasahau kuuliza imetoka makali gani na imetua vipi.

Na Surya Bonaly lazima nimtaje, manake wasichana wetu weusi wakiutazama mchezo huu humtafuta yeye. Mfaransa, mzaliwa wa Nice, Olimpiki ya Nagano 1998 aliruka sarakasi ya kupindukia nyuma akatua kwa mguu mmoja, kitu kilichokuwa kimepigwa marufuku. Kwa kanuni za wakati ule haukumpa faida ya alama, na siku hizi marufuku yenyewe imeondolewa. Nguvu aliyokuwa nayo mama yule wallahi sijui nimlinganishe na nani. Na kabla yake Debi Thomas wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia 1986 na akapata shaba Olimpiki ya 1988. Nawataja hawa kwa sababu nasikia watu wakisema mchezo huu si wetu. Hapa pwani tunaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyeteremka kwa ski Olimpiki ya 2018 akiiwakilisha Kenya. Na watoto wanaoteleza kwa magurudumu pale Mama Ngina jioni, waangalieni wakijaribu kuruka, nao wana mguu unaotoka na mguu unaorudi, skating ya magurudumu ina Axel na Salchow na Lutz vile vile.

Kuinua mikono juu ya kichwa wakati wa kuruka, kuna watu wakiona hivo wadhani ni alama za bure. Zamani kanuni ilitaja kubadilisha mkao hewani, ndo ukawaona wasichana wa miaka ile wainua mkono kila mruko mpaka ikachosha. Sasa kinachoulizwa ni mwili umekaa vizuri au haukukaa. Mkono ukiinuliwa na mwili ukabaki umenyooka ni sawa, ukiinuliwa na nyonga zikaenda kando haumsaidii.

Miruko ya kuunganisha ina mambo yake. Usiihukumu kwa mruko wa kwanza, karibu kila mtu wa kiwango cha juu ana wa kwanza mzuri. Tazama kilichotokea katikati. Alipotua wa kwanza mguu wa kulia, alikaa hapo muda gani kabla ya kuruka wa pili? Mdundo ukikatika, akatulia, akajitafuta, halafu akajirusha tena kwa mabega, kasi yote ilikuwa imeisha na wa pili utakuwa mdogo na mara nyingi mizunguko haikutimia. Mdundo wa kweli ni mruko, mguso, mruko, na wa pili unatumia kasi ya wa kwanza. Lutz na lupu zikiunganishwa ni ngumu zaidi ya Lutz na tolupu kwa sababu lupu haina meno ya kumsukuma, inatoka mguu ule ule aliotulia bila msaada, kwa hivo ukiiona imetimia jua umeona kitu adimu.

Kwa mazoezi, mashindano ya Grand Prix ya vijana huonyeshwa bure kwenye chaneli ya YouTube ya shirikisho la kimataifa la mchezo huu (ISU), na ni mazuri kujifunzia kwa sababu makosa ni mengi na yaonekana wazi, ila pakua ukiwa kwenye waifai manake bando itaisha. Zima sauti mara ya kwanza, muziki na mtangazaji wakupotosha. Tazama mruko mmoja kwa kasi ya kawaida, sema mwenyewe kwa sauti umetoka makali gani, umetimia au haukutimia, umetoka na kasi au umekufa, halafu rudia kwa 0.25 ujisahihishe. Ukimaliza programu nzima tafuta karatasi ya alama, shirikisho huiweka kwenye tovuti baada ya kila shindano, na hapo utaona kila mruko na herufi zake na alama ya kila jaji. Ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, zinazobaki ndo hutolewa wastani, kwa hivo ukiona jaji mmoja ametoa hasi moja na wenzake wote chanya mbili usimsake kwa jina, hakubadilisha kitu. Na ukiona herufi x pembeni ya thamani, mruko huo ulifanywa nusu ya pili ya programu na umeongezewa asilimia 10, mmoja wa mwisho kwenye programu fupi na mitatu ya mwisho kwenye ndefu. Kabla ya mabadiliko ya 2018 nyongeza hiyo ilikuwa ya kila mruko wa nusu ya pili, na Alina Zagitova wa Urusi alishinda dhahabu Olimpiki ya PyeongChang mapema mwaka huo miruko yake yote akiwa ameiweka huko nyuma.